Muulize Shangazi: Wakurdi Gani?

Shangazi wengine huandikiwa kuhusu waume na mawifi. Mimi, kwa kuwa nilitafsiri habari za nje redioni kwa miaka 26, huandikiwa kuhusu mataifa. Mwezi uliopita, nikijibu swali la NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani na washirika wake, niliponyokwa na sentensi moja: kwamba ni mambo machache yaliyozigombanisha nchi za muungano ule zenyewe kwa zenyewe kama misaada kwa Wakurdi, watu wa Mashariki ya Kati wasio na dola lao. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi niliyopewa. Nimechagua sita.

Shikamoo Shangazi. Nasoma uhusiano wa kimataifa, mwaka wa pili. Marekani na Uturuki wote wamo NATO, na Marekani yenyewe imeiandika PKK kwenye orodha ya magaidi. Iliwezaje basi kuwapa silaha Wakurdi wa Syria, ambao Uturuki inasema ni PKK hao hao? Au Uturuki inasingizia?

Marahaba mwanangu. Uturuki haisingizii, na Marekani nayo haikukosa hoja. Ndiyo maana ugomvi huu umekuwa mgumu, na nitakaa hapa kidogo.

Chama cha Wafanyakazi wa Kurdistan, PKK, kilianzishwa mwaka 1978 na Abdullah Öcalan na wenzake, kikashika bunduki dhidi ya dola la Uturuki Agosti 1984. Vita hivyo vimeua watu zaidi ya 40,000. Marekani ilikiweka kwenye orodha yake ya magaidi mwaka 1997, Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2002. Mpaka hapo washirika walikuwa wakiimba wimbo mmoja.

Wimbo uliharibikia Kobani. Septemba 2014 kundi la wanamgambo la Dola la Kiislamu liliuzingira mji huo mdogo wa Wakurdi wa Syria, mji ulioegemea kabisa mpaka wa Uturuki. Ng'ambo ya uzio, vifaru vya Uturuki vilipangwa juu ya kilima, mizinga ikielekea mjini, visifanye lolote. Waliokuwa wakiutetea mji ni YPG, kundi la wapiganaji wa Kikurdi ambalo makamanda wake wengi walikulia ndani ya PKK, na ambalo picha ya Öcalan ilitundikwa katika ofisi zake. Rais Erdoğan wa Uturuki alikuwa amesema waziwazi kwamba kwake hao na PKK ni kitu kimoja, na Marekani isitegemee atakubali wapewe silaha. Hazikupita saa nyingi. Usiku wa kuamkia Oktoba 20, ndege za mizigo za Marekani ziliwadondoshea YPG silaha na dawa kwa miavuli.

Washington ilisema ni dharura. Dharura hiyo ikadumu miaka. Oktoba 2015 YPG ikaunganishwa na makundi ya Waarabu na wengineo, likazaliwa jeshi lenye jina jipya, Vikosi vya Kidemokrasia vya Syria, yaani SDF. Julai 2017 Jenerali Raymond Thomas, aliyekuwa mkuu wa vikosi maalumu vya Marekani, alieleza mbele ya hadhira kwamba Wamarekani ndio waliowaambia YPG wabadili jina, akawasifu kwa akili ya kutia neno "demokrasia" humo. Ukumbi ulicheka. Ankara, mji mkuu wa Uturuki, hakuna aliyecheka.

Na usidhani Wamarekani walikuwa hawajui. Aprili 2016, Waziri wa Ulinzi Ash Carter aliulizwa na seneta mbele ya kamati ya Seneti kama kundi hilo la Syria lina uhusiano na PKK. Alikubali kwamba lina. Hapo unaona serikali moja yenye midomo miwili: wanasheria wake wanasema YPG haimo kwenye orodha, kwa hiyo si magaidi, waziri wake anakiri kwamba damu ni moja.

Hoja ya Marekani ilikuwa nini? Kwamba Dola la Kiislamu lilipaswa kung'olewa Raqqa, ngome yake kuu nchini Syria, na hakukuwa na mwingine pale chini aliye tayari kufa kwa kazi hiyo. Uturuki ilipendekeza waasi wake wa Kiarabu. Majenerali wa Marekani hawakushawishika. SDF waliitwaa Raqqa Oktoba 2017, na katika vita vyote dhidi ya Dola la Kiislamu walipoteza wapiganaji wapatao 11,000. Kisha, katikati ya uwanja wa Raqqa, baadhi yao wakatandaza picha kubwa ya Öcalan. Marekani ililazimika kusema kwamba mtu huyo si wa kuheshimiwa. Mimi nadhani picha ile ilimpa Erdoğan ushindi kuliko hotuba zake zote.

Sasa gharama. Mei 2016 zilichapishwa picha za makomando wa Marekani nchini Syria wakiwa na beji za Wakurdi hao begani. Ankara ikawaita wanafiki, beji zikavuliwa. Agosti 24 mwaka huo huo Joe Biden, makamu wa rais, alikuwa Ankara akiahidi kwamba YPG watarudi mashariki ya mto Frati, siku ile ile vifaru vya Uturuki vilipovuka mpaka kuingia mji wa Jarabulus, Syria, kuhakikisha vyenyewe. Mei 2017 serikali ya Trump ilitangaza kuwapa YPG silaha moja kwa moja, wiki moja tu kabla ya Erdoğan kupokewa Ikulu ya Marekani. Fikiria mwenyewe mgeni anayekula chakula cha namna hiyo. Na Oktoba 5, 2023, ndege ya kivita ya Marekani aina ya F-16 ilitungua ndege isiyo na rubani ya Uturuki iliyowakaribia mno askari wa Marekani kaskazini mashariki mwa Syria. Soma tena sentensi hiyo: mwanachama wa NATO ametungua ndege ya mwanachama wa NATO.

Kuna wanaoongeza hapo mitambo ya kutungulia ndege ya S-400 ambayo Uturuki iliinunua Urusi, ikapokea ya kwanza Julai 2019, na ikafukuzwa kwenye mradi wa Marekani wa ndege za kivita za F-35. Sitaki kuwapa Wakurdi mzigo usio wao. Jaribio la mapinduzi la Julai 2016 nchini Uturuki lina sehemu yake, na mvutano wa miaka juu ya makombora ya Patriot una yake. Lakini serikali inayoamini mshirika wake anamfuga adui yake huenda dukani kwingine kwa moyo mwepesi zaidi.

Shangazi, kwani Uturuki inawachukia Wakurdi wote?

Hapana, na swali lako fupi ndilo lililonipa kichwa cha safu. Ukisikia "msaada kwa Wakurdi", uliza kwanza: Wakurdi gani?

Wakurdi ni watu baina ya milioni 30 na 40 hivi, waliogawanywa na mipaka ya Uturuki, Iran, Iraq na Syria. Mkataba wa Sèvres wa 1920 uliwafungulia mlango wa kujitawala. Ule wa Lausanne wa 1923 ukaufunga bila hata kuwataja. Hawana chama kimoja wala kiongozi mmoja. Wakurdi wa Erbil, kaskazini mwa Iraq, chini ya ukoo wa Barzani, wamefanya biashara na Ankara kwa miaka. Mafuta yao yalipita kwenye bomba hadi bandari ya Ceyhan, Uturuki. Mwaka 2014 Ujerumani iliwapa wapiganaji wao, Peshmerga, bunduki na makombora ya Milan ya kupiga vifaru, na Uturuki haikuvunja hata sahani. Zaidi ya hapo: mwisho wa Oktoba 2014, wiki moja na nusu tu baada ya ile miavuli ya Kobani, Uturuki yenyewe iliwaruhusu Peshmerga wapite kwenye ardhi yake na mizinga yao kwenda kuiokoa Kobani. Wakurdi wa Barzani, ndiyo. Wakurdi wa Öcalan, hapana.

Urafiki huo nao una kipimo. Septemba 25, 2017 Wakurdi wa Iraq walipiga kura ya maoni, asilimia 92 na zaidi wakataka uhuru. Uturuki, Iran, Iraq na Marekani zote zilipinga. Israel pekee ndiyo iliyounga mkono hadharani. Erdoğan akakumbusha kwamba koki ya lile bomba iko upande wake. Oktoba 16 jeshi la Iraq likaingia Kirkuk, mji uliokuwa mikononi mwa Wakurdi, na Marekani, iliyokuwa imezipa silaha pande zote mbili, ikasema haimpendelei yeyote.

Nilidhani Uswidi iliingia NATO kwa kuiogopa Urusi. Wakurdi walitokea wapi kwenye hadithi hiyo?

Walitokea kwenye Ibara ya 10. Mkataba wa NATO unataka nchi zote wanachama zikubali kabla ya mgeni kualikwa, hivyo kila mwanachama ana kufuli lake. Uswidi na Ufini ziliwasilisha maombi Mei 18, 2022, Urusi ikiwa imeivamia Ukraine miezi mitatu kabla. Uturuki ikashika kufuli: Uswidi inawahifadhi watu wa PKK, inazungumza na YPG, na tangu 2019 inatuwekea vikwazo vya silaha.

Uswidi ina jamii kubwa ya Wakurdi waliokimbia Uturuki, Iraq na Iran, na wengine wameingia bungeni. Mmoja wao, Amineh Kakabaveh, mzaliwa wa Iran ambaye ujanani alikuwa Peshmerga, alikuwa mbunge asiye na chama. Novemba 2021 kura yake ndiyo iliyomwezesha Magdalena Andersson kuwa waziri mkuu, na bei yake ilikuwa chama cha Andersson kuahidi kwa maandishi ushirikiano na Wakurdi wa Syria. Juni 2022, maombi ya NATO yakiwa mezani, wapinzani wakataka kumwondoa waziri wa sheria. Zilihitajika kura 175. Zikapatikana 174, kwa sababu Kakabaveh hakupiga. Katika miaka yangu yote ya kutafsiri habari sijaona mbunge mmoja akiwa amekaa namna hiyo katikati ya Ankara, Stockholm na Moscow.

Wiki tatu baadaye, Juni 28, Uswidi na Ufini zilisaini hati ya makubaliano na Uturuki mjini Madrid. Zilikubali kutoiunga mkono YPG, na kuyashughulikia maombi ya Uturuki ya kukabidhiwa watuhumiwa. Uswidi ikarekebisha katiba yake kuanzia Januari 2023, na Juni mwaka huo ikaanza kutumia sheria mpya inayofanya kushiriki katika kundi la kigaidi kuwa kosa. Mahakama zake hata hivyo zilikataa baadhi ya maombi ya Uturuki, na Wakurdi wa Stockholm wakaninginiza sanamu ya Erdoğan kichwa chini mbele ya jengo la manispaa. Ufini iliingia Aprili 4, 2023. Uswidi ilisubiri hadi Machi 7, 2024, kufuli la mwisho likiwa la Hungary.

Kinachonikera ni hiki. Nani aliyekuwa akiipa YPG silaha, mishahara na ndege za kuifunika angani? Marekani. Nani aliyetakiwa kusaini kwamba hataisaidia tena? Uswidi, iliyokuwa ikitoa misaada ya kibinadamu na maneno mazuri. Marekani haikuombwa kusaini chochote Madrid. Badala yake, siku chache baada ya bunge la Uturuki kuikubali Uswidi Januari 2024, Washington iliidhinisha kuiuzia Uturuki ndege za F-16 na vifaa vyake kwa dola bilioni 23. Mdogo alitoa ahadi, mkubwa akatoa bidhaa.

Mama yangu husimulia kwamba kiongozi wa Wakurdi alikamatwa Nairobi. Ni kweli, au ni hadithi za wazee?

Msikilize mama yako. Ni kweli, na nilikuwa zamu ya usiku habari ilipoingia.

Öcalan aliishi Syria miaka mingi. Oktoba 1998 Uturuki ilipeleka majeshi mpakani, Syria ikamtoa. Akaenda Urusi, kisha Novemba akatua Roma. Italia ikakataa kumkabidhi, kwa kuwa katiba yake hairuhusu kumpeleka mtu panapomngoja kitanzi. Waturuki wakasusia bidhaa za Italia, mshirika wao wa NATO. Ujerumani ilikuwa na hati ya kumkamata, lakini haikumtaka: ilihofia Waturuki na Wakurdi wake kuvuruga mitaa. Januari 1999 akaondoka Italia, na mwanzoni mwa Februari akafichwa katika makazi ya balozi wa Ugiriki jijini Nairobi, akiwa na pasipoti ya Cyprus yenye jina la mtu mwingine. Ni miezi sita tu ilikuwa imepita tangu bomu la ubalozi wa Marekani. Maafisa wa ujasusi wa Kimarekani walikuwa wamejaa mjini humo. Sehemu mbaya kuliko zote ya kujificha! Februari 15, akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege, akadakwa, na makomando wa Uturuki wakampakia kwenye ndege.

Kesho yake Wakurdi walivamia balozi za Ugiriki Ulaya nzima. Mawaziri watatu wa Ugiriki wakajiuzulu, wa mambo ya nje akiwemo. Uturuki nayo ikasema: mmoja wa NATO amemficha mtu aliyetuulia maelfu. Nilijua hapo kwamba nchi hizo mbili zingekaa miaka kumi bila kusalimiana. Nilikosea. Agosti tetemeko la ardhi liliipiga İzmit, waokoaji wa Kigiriki wakaja. Septemba likaipiga Athens, wa Kituruki wakaenda. Desemba Ugiriki haikuizuia tena Uturuki kutambuliwa kuwa mgombea wa Umoja wa Ulaya.

Usiku ule wa Februari tulibishana chumbani kwa nusu saa nzima: tumwite nani? "Kiongozi wa magaidi", kama ilivyosema Ankara? "Kiongozi wa waasi"? "Mpigania uhuru", kama alivyotaka kijana mmoja pale? Mhariri wa zamu alichagua "waasi", akasema atakayepinga akajieleze ofisini asubuhi. Baadaye niliona mikutano ya marais ikikwama kwenye neno lile lile.

Mbona Wakurdi hawajifunzi? Kila mara mgeni huwasaidia kisha huwaacha.

Hilo la kutojifunza nalikataa. Mtu anayezama hachagui kamba.

Lakini ngoja nikuonyeshe jambo ambalo mara nyingi husahauliwa: si kila mara msaada kwa Wakurdi umewagombanisha washirika. Mwaka 1972 uliwaunganisha. Shah wa Iran, rafiki mkubwa wa Marekani wakati huo, aliwaomba Rais Nixon na mshauri wake Kissinger wamsaidie kuwapa silaha Wakurdi wa Mustafa Barzani dhidi ya serikali ya Iraq, na Israel ilikuwa ndani pia. Ilikuwa zawadi kwa Shah. Kwa hiyo Machi 6, 1975, Shah alipopatana na Saddam Hussein wa Iraq mjini Algiers juu ya mpaka wa mto Shatt al-Arab, zawadi ilirudishwa kabatini na msaada ukakatwa mara moja. Kissinger anahusishwa na kauli kwamba shughuli za siri zisichanganywe na kazi ya umisionari. Barzani alifia Marekani Machi 1979.

Mwaka 1991 ikawa hivyo tena kwa namna nyingine. Saddam alipowageukia Wakurdi baada ya vita vya Kuwait, wakimbizi kwa malaki waliikimbilia milima ya mpaka wa Uturuki. Ankara haikuwataka ndani. Ndege za Marekani, Uingereza na Ufaransa zikaruka kutoka kambi ya Incirlik, ndani ya Uturuki, kulinda anga la kaskazini mwa Iraq. Hivyo serikali ya Kikurdi ya Erbil ilikua chini ya kivuli cha ndege zilizoondoka kwenye ardhi ya Uturuki, na bunge la Uturuki liliongeza muda wa ruhusa hiyo mara kwa mara. Historia ina vituko.

Unaloliwaza wewe pengine ni Oktoba 2019. Trump alizungumza na Erdoğan kwa simu tarehe 6, akawaondoa askari wake mpakani, na tarehe 9 Uturuki ikaingia. Mjini Qamishli wakazi waliyarushia viazi magari ya Kimarekani yaliyokuwa yakiondoka. Hapo ugomvi uliruka kutoka Ankara–Washington hadi Ulaya: Ujerumani, Ufaransa, Uswidi, Ufini na nyinginezo zikazuia mauzo mapya ya silaha kwa Uturuki, na mwezi uliofuata Rais Macron wa Ufaransa akasema NATO imekufa ubongo. Alikuwa akiilaumu Uturuki kwa kuingia, lakini pia Marekani kwa kuondoka bila kumwambia mtu. Vile vizuizi vya silaha ndivyo Uturuki ilivyovidai viondolewe ilipowashikia Uswidi na Ufini kufuli miaka mitatu baadaye.

Shangazi, PKK ilitangaza kujivunja Mei 2025. Sasa Uturuki na Marekani watagombania nini? Na tafadhali, jina la Öcalan hutamkwaje?

La kwanza ni fupi. Öcalan alitoa wito huo Februari 27 kutoka kisiwa cha İmralı, alikofungwa, chama kikatangaza Mei 12, na Julai 11 wapiganaji wapatao 30 wakachoma bunduki zao karibu na Sulaymaniyah, kaskazini mwa Iraq. Kabla ya hapo, Machi 10, kamanda wa SDF, Mazloum Abdi, alisaini na Rais Ahmed al-Sharaa mjini Damascus kwamba vikosi vyake vitaingia katika dola la Syria. Kwenye karatasi ile kila upande ulisoma neno "kuingia" kwa miwani yake: Uturuki ilisoma mtu mmoja mmoja, bila amri zao wenyewe, Wakurdi walisoma vikosi vizima na makamanda wao. Mwaka 2025 ugomvi ulikuwa juu ya hilo, na juu ya nani ashike funguo za magereza yenye wafungwa wa Dola la Kiislamu, maana hayo ndiyo yaliyokuwa sababu ya Marekani kubaki.

La pili: Ö-ja-lan. C ya Kituruki ni J yetu. Mwaka 1999 nililisoma "Okalani" hewani wiki nzima hadi msikilizaji mmoja akapiga simu kunirekebisha. Kwa Kituruki jina hilo lina maana ya mlipiza kisasi. Wafuasi wake wao humwita Apo, kifupi cha Abdullah, na kwa Kikurdi neno hilo pia ni ami.